Kuangua mayai ya bata: Maji huponya, maji huua

WANAOJARIBU kuangua mayai ya bata nyumbani kwa mara ya kwanza aghalabu huwa na malalamiko yale yale. Mayai yaliwekwa kwenye mashine, joto likatunzwa, watoto wakayageuza kwa zamu bila kukosa. Juma la kwanza yalipomulikwa kwa tochi, mishipa ya damu ilionekana imetandaa kama mizizi. Juma la tatu kifaranga alionekana akijitikisa ndani ya ganda. Kisha siku ya 28 ikafika, ikapita, na ya 30 nayo ikapita. Mayai yalipopasuliwa walipatikana vifaranga kamili, wenye manyoya, midomo na kucha, wote wamekufa.

Hasara hii inauma kuliko ile ya yai viza ambalo halikuwa na kitu tangu mwanzo. Mtoto aliyekuwa akiamka alfajiri kuyageuza mayai atataka kuelezwa, na mzazi hana la kumwambia. Mara nyingi lawama huangukia stima iliyopotea usiku, au fundi aliyeunda mashine. Inawezekana. Hata hivyo, kifaranga wa bata anapofia ndani ya ganda siku za mwisho, mshukiwa wa kwanza anafaa kuwa maji.

Yai lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hewa safi huingia kupitia humo, na mvuke wa maji hutoka. Tangu siku ya kwanza yai huendelea kupungua uzani, na mahali pa maji yaliyotoka huchukuliwa na hewa inayokusanyika upande ule butu. Kufikia wakati kifaranga anapotaka kutoka, yai linatakiwa liwe limepoteza kati ya asilimia 12 na 14 ya uzani wake wa kwanza. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo pumzi yake ya kwanza. Hutoboa utando wa ndani kwa mdomo, akapumua humo kwa saa nyingi, ndipo apate nguvu za kulivunja ganda.

Yai likipoteza maji machache mno, kifaranga huvimba, nafasi ya hewa huwa finyu, na anapoutoboa utando huzama katika maji yake mwenyewe. Likipoteza mengi kupita kiasi, utando hukauka ukawa kama ngozi ya ngoma na kumnata mwilini, akashindwa kugeuka. Vifo hivi viwili hutokea siku zile zile, lakini dawa ya kimoja ndiyo sumu ya kingine. Ndiyo maana ushauri wa jirani kwamba “ongeza maji” unaweza kukuokoa au kukumaliza.

Vitabu na maelezo yanayokuja na mashine hutaja unyevu wa asilimia 55 hivi kwa siku 25 za mwanzo, halafu asilimia 70 au zaidi kwa siku za mwisho. Si uongo. Tatizo ni kwamba wengi wa waandishi wake hawakai Nairobi. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Eldoret ni mita 2,100 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, na mvuke hupenya ganda kwa haraka zaidi kuliko pwani. Isitoshe, Januari na Februari hewa ya Nairobi ni kavu kiasi cha kupasua midomo ya watu. Mombasa ni kinyume chake. Huko hewa yenyewe imeshiba maji, na karai lililojaa ndani ya mashine laweza kuwa kosa. Bakuli moja la maji litakalomfaa mkazi wa Likoni halitamtosha mkazi wa Langas.

Kwa hivyo, badala ya kubishana kuhusu bakuli, nunua au uazime mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kifaa hiki, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko kile kipimaunyevu cha bei nafuu ambacho mara nyingi husema uongo mchana kutwa. Tuseme una mayai 10 ya gramu 70 kila moja. Jumla ni gramu 700. Baada ya juma moja yanafaa kuwa na gramu 675, baada ya majuma mawili 650, na baada ya matatu 625. Yaani gramu 25 kila juma. Yakiwa yamepungua gramu 15 tu, hewa ina maji mengi, basi punguza bakuli au ufungue tundu la hewa zaidi. Yakiwa yamepungua 35, tandaza maji mapana zaidi. Kumbuka kuwa upana wa maji ndio huongeza mvuke, si kina chake. Kitambaa kilichochovywa nusu ndani ya bakuli hufanya kazi kuliko ndoo.

Ukilitoa yai viza, toa pia uzani wake katika hesabu, la sivyo utadhani yaliyobaki yamekauka ghafla. Kwa sababu hiyo ni vizuri kila yai liandikwe nambari kwa penseli, uzani wake uandikwe daftarini, na mtoto wa darasa la hesabu apewe kazi ya kuchora mstari wake. Asitumie kalamu ya wino, maana ganda hunyonya.

Mayai madogo yanahitaji uangalifu wa pekee. Kitu kidogo kina ngozi kubwa kikilinganishwa na ujazo wake. Ndiyo maana kikombe cha chai hupoa kabla ya birika. Yai la gramu 50, kwa kawaida, hukauka upesi kuliko la gramu 80 yakiwa ndani ya mashine moja, na pia hupoa upesi mlango unapofunguliwa. Ukiyachanganya, utakuwa unalipendeza moja na kulidhuru jingine. Afadhali yaangue ya saizi moja kwa wakati mmoja.

Lakini kwanza uliza udogo huo umetoka wapi. Kuna yai dogo la bata mchanga aliyeanza kutaga juzijuzi. Hilo lifanye kiamsha kinywa, kwani mayai ya majuma ya mwanzo huangua vibaya na vifaranga wake huwa dhaifu. Na kuna yai dogo la bata ambaye ni mdogo kwa asili, kama wale wa madoido waitwao Call, ambao wakikomaa hawafiki kilo moja. Bata hao walifugwa zamani Uholanzi ili kelele zao ziwavute bata mwitu mtegoni. Wana mdomo mfupi kama wa mwanasesere, na mdomo huo unaopendwa na wanunuzi ndio unaowaponza yaini, kwa kuwa si rahisi kuvunja ganda kwa nyundo fupi. Wafugaji wao kote duniani hulalamikia kuangua.

Bata mwitu nao wana mayai madogo, na wapo wengi katika vidimbwi na maziwa yetu. Hao waache kabisa. Wanyamapori wanalindwa na sheria, ile ya 2013, na mtoto asifundishwe kuanzia hapo.

Bata wengi wanaofugwa huangua siku 28, na wale wadogo sana wakati mwingine siku 26. Kuna mmoja ambaye hayumo katika hesabu hii, naye ni yule bata mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni, anayehema badala ya kupiga kelele. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na mayai yake huchukua siku 35. Ukimchanganya na wale wengine utayatupa mayai yaliyo hai juma zima kabla ya wakati. Muulize anayekuuzia mayai mama ni yupi.

Muulize pia kama kuna dume. Bata jike hutaga bila dume, lakini yai hilo ni la kukaanga tu. Dume mmoja kwa majike watano hivi anatosha. Chagua mayai yenye umri usiozidi siku saba, yasiyo na ufa, na yasiyowahi kuingia kwenye friji. Bata hutaga alfajiri na hajali usafi, kwa hivyo yai huokotwa likiwa na tope. Tope kavu likwangue polepole. Yai lililotapakaa kinyesi liache, kwani katika joto la mashine huoza, huvimba na kupasuka, na anayepasukiwa hasahau harufu hiyo. Kama mayai yamesafiri kwa matatu kutoka Kakamega, yalaze kwenye trei, ncha iliyochongoka ikitazama chini, yapumzike usiku mmoja kabla ya kuyatia jotoni.

Mashine yenyewe si lazima iwe ya maelfu ya shilingi. Wamisri wa kale waliangua mayai ya kuku kwa maelfu katika matanuri ya udongo yaliyopashwa moto kwa samadi na majani makavu, na wafanyakazi wake walipima joto kwa kulibandika yai kwenye kope la jicho. Mfaransa Réaumur alivutiwa na ustadi huo, akachapisha kitabu kuhusu kuangua kwa joto la kutengenezwa mwaka wa 1749. Wewe una stima. Sanduku la mbao au lile jeupe la kubebea samaki, balbu mbili ndogo, bakuli la maji, waya wa kuzuia vifaranga wasiifikie balbu, na kifaa cha kudhibiti joto ambacho mafundi hukiita thamostati, vinatosha. Kifaa hicho hupatikana katika maduka ya vifaa vya stima kama yale ya Barabara ya Luthuli, Nairobi. Balbu ziwe mbili ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki. Na ziwe zile za zamani zenye waya ndani, ambazo siku hizi ni za kutafuta; za LED zinaokoa pesa kwa sababu hazipotezi nguvu nyingi kwa joto, nawe joto ndilo unalolitaka. Karatasi na vitambaa visiguse balbu. Waya zifungwe na mtu anayejua.

Joto linatakiwa liwe nyuzi 37.5 za Sentigredi ikiwa sanduku lina feni. Lisipokuwa na feni, hewa ya juu huwa moto kuliko ya chini, basi pima usawa wa mgongo wa yai, na upate nyuzi 38.5 hivi. Usiamini kipimajoto kipya. Kitie pamoja na kile cha kupimia homa ya mtoto katika kikombe cha maji vuguvugu uone kama vinakubaliana. Joto likipita nyuzi 40 ni hatari zaidi kuliko likishuka. Stima ikipotea saa mbili tatu, usifungue mlango. Funika sanduku kwa blanketi na uweke chupa za maji ya moto pembeni. Mayai huhimili baridi ya muda mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Sababu yake utaiona kwa bata mwenyewe. Jike anayeatamia huondoka kiotani kila siku kwenda kula na kuoga, mayai yakapoa, kisha akarudi na manyoya yenye maji akayalalia. Ndiyo maana wafugaji wengi, kuanzia siku ya 8 hadi ya 24, hufungua mashine mara moja kwa siku kwa dakika 10 hivi na kuyanyunyizia mayai maji vuguvugu. Wako wanaolipinga jambo hili. Mwenye mayai madogo apunguze dakika hizo, na kila mtu apime uzani kabla ya kunyunyiza, si baada yake.

Geuza mayai mara tatu au tano kwa siku. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili husaidia yai lisilale upande ule ule kila usiku. Weka alama upande mmoja na nyingine upande wa pili ili usisahau. Osha mikono kabla na baada, kwani maganda ya mayai ya bata yanaweza kuwa na viini vya salmonela, na watoto wana mazoea ya kutia vidole mdomoni.

Siku ya saba, zima taa chumbani na umulike kwa tochi. Yai jeupe tupu ni viza. Lenye duara la damu pekee lilikuwa hai likafa. Lenye buibui mwekundu ni zima. Ukiyaweka mashinemo Jumapili, Jumapili inayofuata ndiyo siku ya saba na Jumapili ya nne ndiyo ya 28. Wanafunzi wazingatie kuwa ni likizo ya Novemba na Desemba pekee ambayo ni ndefu vya kutosha. Ile ya Aprili huisha mayai yakiwa mashinemo na mgeuzaji yuko bwenini.

Anayetaka kuepuka haya yote anaweza kumtafuta kuku anayetaka kuatamia. Kuku wa kienyeji hufunika mayai matano au sita ya bata, na zaidi kidogo yakiwa madogo. Lakini amezoea siku 21, naye atakaa 28 akila kidogo, kwa hivyo mpelekee chakula na maji karibu. Mayai yanyunyizie maji, maana kuku haogi. Vifaranga wakiingia kidimbwini mara ya kwanza, mama huyo atapiga kelele mtaa mzima usikie.

Siku ya 25 acha kugeuza. Nafasi ya hewa sasa inafaa kuwa karibu thuluthi ya yai. Ongeza maji hadi kioo cha mlango kianze kutoa jasho, ufunge. Siku mbili hivi baadaye utasikia sauti ndogo yainii, kisha ufa kama nyota utokee ganda likiwa bado zima.

Hapa ndipo vifaranga wengi huuawa na wanaowapenda. Kutoka ufa wa kwanza hadi kifaranga atoke zinaweza kupita saa 24, na hata 48. Kwa mtoto anayechungulia kiooni huo ni mwaka. Anamwona amenyamaza, anaita watu, na mtu mzima anaanza kulibambua ganda. Lakini kifaranga aliyenyamaza ana kazi. Anavuta tumboni kiini kilichobaki, ambacho kitamlisha siku yake ya kwanza duniani, na damu iliyo kwenye mishipa ya utando bado inarudi mwilini. Ukiupasua utando sasa, atavuja damu hiyo mbele ya macho yenu. Isitoshe, kila mara mlango unapofunguliwa mvuke hutoroka, na utando wa ndugu zake hukauka.

Kusaidia kunaruhusiwa, ila kwa nadra. Zikipita saa 24 tangu ufa bila maendeleo yoyote, na utando unaoonekana tunduni umekauka na kugeuka wa kahawia, ulowanishe kwa pamba na maji vuguvugu, ondoa kipande cha ganda kisichozidi ukucha, utazame. Ukiona uzi mwekundu, acha, mrudishe, usubiri saa kadhaa. Ukimwona akitafuna hewa kama anayepiga miayo, acha pia. Kwa wale wadogo wenye mdomo mfupi msaada huu huhitajika mara nyingi zaidi, lakini mpangilio ni ule ule.

Akishatoka mwache akauke mashinemo. Kisha mhamishe kwenye sanduku lenye joto la nyuzi 33 hivi, upunguze nyuzi tatu kila juma. Usitandike gazeti, hata hili. Huteleza, na miguu ya kifaranga hupanuka ikalemaa. Tandika taulo kuukuu. Maji ya kunywa yawe na kina cha kuosha matundu ya pua tu, kwa kuwa kifaranga asiye na mama hana mafuta ya kutosha manyoyani, na akiogelea atalowa, ashikwe na baridi na kufa. Chakula cha vifaranga wa kuku kutoka duka la agroveti kinafaa, ila bata anahitaji vitamini iitwayo niasini kuliko kuku, na akiikosa miguu hulegea. Njegere zilizopondwa na omena iliyosagwa husaidia. Kabla ya yote haya, zungumza na mwenye nyumba. Baada ya majuma manane utakuwa na bata wazima, na majike wake, isipokuwa wale wa siku 35, wana sauti.

Mayai ambayo hayajapasuka usiyatupe siku ya 29. Yape siku mbili zaidi, kisha yamulike na kuyaweka sikioni. Yaliyo kimya yapasulie nje, mbali na nyumba, pua ikiwa imefunikwa. Kifaranga mnene mwenye majimaji mengi na nafasi ndogo ya hewa anakuambia upunguze bakuli safari ijayo. Aliyenatwa na utando mkavu anakuambia ulipanue. Aliyekufa kichwa kikiwa upande uliochongoka huenda yai lake lililazwa vibaya au halikugeuzwa vya kutosha. Yaandike hayo kwenye daftari lile lile, mbele ya nambari ya kila yai, kisha yafukie chini sana, paka wasiyafukue.